Hadubini ya pamoja haifi kwa uzee

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme neno kuhusu hadubini kubwa ambazo vyuo vikuu hununua ili watafiti wa idara mbalimbali wazitumie kwa zamu. Wazo lenyewe ni zuri. Hadubini ya leza, ile inayopiga picha za seli tabaka kwa tabaka, bei yake ni ya nyumba ya ghorofa, na ni idara chache zinazoweza kuimiliki peke yake. Shida ni kwamba bajeti huishia kwenye mashine. Chumba cha kuiweka na mtu wa kuitunza huachwa “tutaona baadaye”.

Tuanze na chumba, maana kwa miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa adui wa kwanza ni unyevu. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 70 kwa muda mrefu, kuvu huota kwenye lenzi. Ukiimulika utaona nyuzi mithili ya utando wa buibui. Kuvu hiyo hutoa asidi inayokula uso wa kioo, na ikifika hapo hakuna tena kusafisha, ni kununua lenzi nyingine. Kiyoyozi peke yake hakitoshi. Kikizimwa Ijumaa jioni ili kubana umeme, ndiyo balaa zaidi: chuma na vioo vilivyopoa hadi nyuzi 20 vikikutana na hewa ya Machi inayopenya mlangoni hutoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Kinachotakiwa ni mashine ya kukausha hewa isiyozimwa usiku wala sikukuu, kipimaunyevu ukutani kinachosoma kati ya asilimia 40 na 50, na mtu wa kuandika namba hiyo kila asubuhi. Pasipo uwezo huo, lenzi zifunguliwe zikae kwenye kabati lenye balbu ya wati 40 inayowaka muda wote. Iwe balbu ya zamani ya waya, kwani za LED hazitoi joto la kutosha. Chembe za silika, zile zinazonyonya unyevu, nazo zinafaa, ila zile za buluu zikishageuka waridi zikaushwe kwenye oveni kwa nyuzi 120 saa chache. Zikiachwa waridi mwaka mzima ni mapambo tu.

Adui wa pili ni mafuta. Mtaalamu yeyote wa maabara anayesoma slaidi za malaria anajua tone la mafuta linalowekwa kati ya slaidi na lenzi ya 100, yaani inayokuza mara 100, ili picha iwe safi. Kosa hutokea wakati wa kurudi: mtumiaji akishaona alichotaka anazungusha lenzi ya 40, ambayo ni kavu, inapita juu ya mafuta yale yale na kuchafuka. Anayefuata anaona picha kama kwa nyuma ya ukungu, anaongeza nguvu ya leza, rangi za sampuli yake zinafifia, kisha anaandika kwenye daftari kwamba mashine ni mbovu. Mwingine huja na tishu au pindo la koti akasugua. Zote mbili hukwaruza. Lenzi hupulizwa vumbi kwanza, ikafutwa kwa karatasi yake maalumu iliyoloweshwa kidogo dawa anayoitaja mtengenezaji, na kila karatasi hutumika mara moja. Zaileni, kile kiyeyushi cha maabara, isikaribie hapo, huweza kuyeyusha gundi inayoshika vioo.

Kuna kosa jingine dogo lenye gharama kubwa. Kwenye hadubini ambayo lenzi zake ziko chini ya meza, kile kioo chembamba cha kufunikia sampuli lazima kitazame chini. Slaidi ikiwekwa kinyume, kati ya lenzi na sampuli kunakuwa na kioo cha milimita 1, ilhali lenzi ya mafuta ya 63 huona umbali usiofika robo ya milimita. Mtumiaji haoni kitu, anaendelea kuipandisha mpaka inagota. Kioo chenyewe kiwe cha namba 1.5, yaani milimita 0.17, na kama kimezibwa pembeni kwa rangi ya kucha, ikauke kabisa kabla ya kuletwa. Rangi mbichi hung’ang’ania lenzi.

Yote haya huzuiwa na fundi mmoja wa kudumu, mwenye mshahara, si mwanafunzi wa uzamili anayejitolea hadi amalize tasnifu. Mtu asipewe ufunguo kabla hajafanya angalau vipindi 3 akiwa na fundi huyo pembeni. Ada ya saa iingie kwenye akaunti ya maabara yenyewe. Ikishaingia mfuko mkuu wa chuo, haitarudi kununua hata karatasi za lenzi.

Na kila zamu ianze kwa kukagua lenzi, si kwa kuwasha leza. Atakayekuta mafuta kwenye lenzi kavu aandike saa aliyoyakuta, amwite fundi, asiguse kitu.

Ni sisi,
Mafundi sanifu wa maabara,
Dar es Salaam