Kondoo wa baba: barua kwa mwanangu

Mwanangu Neema,

Hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Jumapili simu iliisha chaji kabla sijalijibu swali lako: "Baba, ungekula pesa za ushirika, ungetaka nikutolee ushahidi?" Nimekaa nalo siku nne, ndiyo maana naandika.

Wachina wanalo swali hilo tangu zamani. Yapata miaka 2,500 iliyopita, mtawala wa She, eneo la China ya kale, alimtambia mwanafalsafa Confucius kwamba kwao yuko mtu mnyoofu hasa: baba yake alipoiba kondoo, mwana ndiye aliyemshitaki. Confucius akamjibu kuwa wanyoofu wa kwao hawako hivyo. Baba humsitiri mwana, mwana humsitiri baba, na unyoofu umo humo. Wengine hutafsiri "kuficha"; mimi nashika "kusitiri". Ukimkuta mzee wako ameanguka njiani na nguo zimemvuka, unamtupia kanga. Husemi kwamba hakuanguka.

Han Feizi, mwanafalsafa mwingine wa China aliyeishi karne ya 3 kabla ya Kristo, hakukubaliana na jibu hilo. Aliona kila nyumba ikisitiri watu wake, nchi haitawaliki. Naiheshimu hoja yake, maana tunajua undugu unavyotafuna ofisi zetu.

Ila mwaka 1974 nilikuwa Beijing nikisomea kazi ya reli, TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ikiwa bado inajengwa, na kampeni ya kumkosoa Confucius imepamba moto. Ukuta wa bweni letu ulijaa mabango ya maandishi ya brashi. Mvua iliponyesha, wino ulichuruzika hadi chini. Nikamuuliza mwalimu wetu wa lugha, mzee huyu amekosa nini? Alitazama mlango kwanza. Kisha akasema tufungue ukurasa unaofuata.

Yale macho mlangoni niliyaelewa baada ya miaka mingi, niliposoma habari za Zhang Hongbing wa mkoa wa Anhui. Mwaka 1970, akiwa na miaka 16, alimripoti mama yake, Fang Zhongmou, kwa maneno mama huyo aliyoyasema nyumbani dhidi ya Mao, kiongozi wa China wakati huo. Mama alihukumiwa kifo akauawa. Mwaka 2013 Zhang, mvi kichwani, alitubu hadharani. Na mwaka 2012 China ilikuwa imerekebisha sheria yake ya mwenendo wa jinai: mume, mke, mzazi au mtoto wa mshitakiwa halazimishwi tena kufika mahakamani kutoa ushahidi. Wajibu wa kusema unachokijua haukufutwa, lakini hakuna wa kukuburuta hadi mbele ya baba yako. Kwangu hiyo ni hatua kubwa. Serikali ina polisi, ina wakaguzi wa hesabu; isije ikamtafuta mwizi chini ya mto wa mtoto wake.

Sasa nikwambie nisilowahi kukwambia. Baba yako mkubwa, Mungu amrehemu, alikula pesa za chama cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu. Nilijua, nikanyamaza. Lile gunia la mchele la Krismasi ulipokuwa darasa la tatu lilitoka kwake, nami nililipokea, tukapika, tukala. Mwezi uliofuata mama mmoja wa chama alifiwa na mumewe, akakopa pesa za jeneza.

Kunyamaza sikujutii. Mchele ndio unaoniumiza mpaka leo. Xunzi, mwanafalsafa aliyekuja baada ya Confucius na aliyekuwa mfuasi wake, aliandika kwamba mtu afuate lililo haki, asimfuate baba. Ningeyajua maneno hayo wakati ule, labda ningemrudishia kaka gunia lake mlangoni. Halafu, mwanangu, soma tena kisa cha kondoo: mtawala anazungumza, Confucius anazungumza, na hakuna anayemuuliza mwenye kondoo. Hapo ndipo mzee yule hanitoshi, ingawa nampenda.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ikiwa ni mimi, usinitaje. Njoo nyumbani, funga mlango, niambie nirudishe pesa za watu, na nikikataa usipokee kwangu hata senti ya nauli.

Yule mama bado anaishi nyuma ya soko. Nimepiga hesabu ya gunia lile kwa bei ya leo, na mama yako ameongeza kidogo. Jumamosi asubuhi tunampelekea.

Baba yako