Roketi ya Ngomeni

Malindi, Jumapili

Sahibu yangu Athmani,

Assalamu alaikum. Nilifika salama, na mama anakushukuru kwa achari ya maembe.

Tangu tuachane pale Mkunguni maneno yako hayajanitoka. Ulisema makombora na nyuklia za Korea Kaskazini ni kelele tu za kutafuta msaada wa chakula, tena hayatuhusu. Nilinyamaza kwa heshima ya wazee waliokuwa barazani. Leo nakujibu.

Jana ami alinipakia mashuani Ngomeni, tukapita mbele ya zile nguzo za baharini ambako Waitaliano walikuwa wakirushia roketi. Kutu imeziteremka nyekundu mpaka kwenye maji. Ami alikuwa mtoto wa chuo zama zile. Roketi ikipaa, anasema, vikombe vililia kabatini. Ni hapo setilaiti ya Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970, kwa roketi ya Scout. Na sehemu ya pili ya Scout ilitokana na Sergeant, kombora la jeshi la Marekani! Roketi ya setilaiti na kombora ni ndugu. Kwa hiyo Korea Kaskazini walipopandisha setilaiti Desemba 2012 wakasema ni ya amani, mimi sikutulia.

Tena si roketi tu. Mwaka 2003 walijitoa katika mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia. Mwaka 2006 walilipua bomu la kwanza chini ya mlima wa Punggye-ri, na kufikia Septemba 2017 yalikuwa sita. Hilo la mwisho Wamarekani walilipima kama tetemeko la 6.3. Kelele haitikisi ardhi hivyo, Athmani.

Neno lako moja nalikubali. Kupaa si kurudi: kichwa cha kombora kikishuka kutoka angani hupita katika joto la kuyeyusha chuma, nao majaribio yao makubwa huyarusha juu wima, yaanguke bahari ya Japani. Kama watafika Marekani kweli, tubishane. Lakini Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, iko kama kilomita 50 tu kutoka mpakani, Malindi mpaka Watamu mara mbili. Watu zaidi ya milioni 9 wanalala pale, na tangu 2022 jirani yao wa Kaskazini ana sheria inayomruhusu kuanza yeye kutumia nyuklia. Uliposema "hayatuhusu" niliumia, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kumhesabu mtu ni mtu.

Nijibu kabla ya Ijumaa. Mpe barua kijana wa boti ya Mokowe, itapanda basi la asubuhi.

Nduguyo,
Omari