Nani anaangalia maji?

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Picha imefika. Mdogo wako kaniletea simu uani nikichambua karafuu. Nimekutazama sana. Ndege umemshika vizuri, shingo katikati ya vidole viwili, mguuni keshavishwa pete, naye katulia kama kifaranga. Lakini vidole vyenyewe vyekundu kwa baridi, glavu huna. Utasema ukivaa glavu humsikii ndege mkononi. Basi vaa ukishamwachia.

Sasa nieleze kitu kimoja. Umesema mnakwenda maji yakijaa, tena bamvua, kwa kuwa maji ndiyo yanayowasukuma ndege mpaka juu kwenye majani. Na mnachagua usiku wa giza, wasizione nyavu. Mimi miaka yote naingia pwani maji yakitoka, narudi yakigeuka. Wewe unaingia yakija. Mwezi utaandama wiki ijayo na najua mtakwenda tena. Nani anaangalia maji wakati nyote mmeinamia ndege? Nitajie mtu huyo, awe hana kazi nyingine.

Hizo hori za Norfolk, vijito vya bahari, umezipiga picha mchana, tope tupu. Hori ndiyo inayoua. Inajaa kwanza, nyuma ya mgongo wako, kimya, nawe umesimama pakavu unadhani bado una nafasi. Huko huko Uingereza, Februari 2004, watu wasiopungua 21 waliotoka China walizama Morecambe Bay wakiokota kombe usiku. Walikuwa kazini, kama wewe.

Siku ile maji yalipotukuta kwenye fungu la mchanga, miaka yote nasema wewe ndiye uliyetuchelewesha kwa kufukuza kaa. Kapu langu lilikuwa halijajaa. Basi.

Baba yako kawaeleza wenzake barazani kuwa mwanawe anavisha ndege pete zenye nambari, kila mmoja na yake, na akikamatwa nchi nyingine hujulikana alikotoka. Mzee mmoja akauliza mbona hawamli. Baba yako alikasirika kweli. Nami nimefurahi, sikufichi. Ndege sululu waliokuja na kaskazi hii nawatazama miguu kwanza. Bado sijaona pete.

Kibali chako mwenyewe huna bado, uko chini ya mwalimu. Basi akisema tokeni, toka, hata kama ndege yuko mkononi. Mwache aruke bila pete. Gramu 50 umesema, uzito wa yai la kuku wetu. Wewe nilikubeba miezi tisa.

Bati la jikoni linavuja pale pale, nimeweka sufuria. Fedha ulizotuma zimekwenda kwenye ada ya mdogo wako, na fundi nimemwambia asubiri. Usitume nyingine mwezi huu. Nunua viatu virefu vya mpira vya saizi yako, hivyo vya kuazima vinabaki topeni mguu ukatoka mtupu. Karafuu za mwisho zimo jamvini, wingu likitanda nazianua peke yangu, maana mdogo wako akirudi skuli ni mpira tu. Bibi yako anakusalimu, mguu wake umepungua kuvimba.

Usiku huo niandikie kabla hujaingia, na ukishatoka niandikie tena. Huko mko nyuma yetu saa tatu. Nitakuwa macho.

Mama yako