Petroli ikipanda, Misali inakuwa mbali

Mhariri, assalaam aleykum. Nnataka niliseme hili la mafuta, mana kila mwezi ZURA (mamlaka ya kudhibiti huduma za maji na nishati Zanzibar) wakitangaza bei watu wanazungumzia daladala na unga tu, hakuna anaegusa matembezi yetu sie wa Pemba. Kwenda kisiwa cha Misali kutoka bandarini Wesha ni boti ya mashine, nahodha anahesabu petroli ya kwenda na kurudi, ikipanda hana pa kuipeleka ila kwenye nauli, kwa hivo vijana waliokuwa wakichanga watu kumi wende na pilau lao na mishipi yao saivi wanatafuta ishirini (na boti ikijazwa hivo mie sipandi, bahari ya kusi haina mchezo). Hata wasasi wanaotoka na mbwa kusaka nguruwe wanaoharibu mihogo, gari inakodiwa, mchango usipotimia wanabaki majumbani na nguruwe ndo anafaidi. Wenye ngalawa za tanga wao wanacheka tu. Naomba kabla ya Idi wenye maboti na vikundi vya vijana wakae, bei ijulikane mapema, na jaketi za kuokolea zihesabiwe kwanza ndo wahesabiwe watu.

Msomaji wenu,
Chake Chake