Usinichukulie simu, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima. Goti la bibi yako limetulia, na mwembe wa uani umezaa mpaka tunagawia majirani. Barua hii ni ya neno moja nililoshindwa kukwambia ulipokuja Idi.

Unakumbuka simu ilivyolia tukiwa tunakula. Alikuwa mteja wetu wa Lubumbashi, kule Kongo. Nilianza vizuri kwa Kifaransa, nikafika katikati ya sentensi nikakwama, natafuta neno la sili ya kontena. Ukanyoosha mkono, ukaichukua simu sikioni mwangu, ukamalizana naye kwa dakika mbili. Ulifanya kwa mapenzi, na mzigo uliondoka siku hiyo hiyo. Lakini neno lile lilikuwa linakuja, mwanangu. Scellé. Lilinijia wewe ukiwa umeshaaga na kukata simu, nikabaki nalo mdomoni.

Uliniuliza baadaye kwa nini nahangaika na Kifaransa wakati watu wa Lubumbashi wana Kiswahili chao. Ni kweli wanacho, na kwa salamu, habari za watoto na bei tunaelewana vizuri, Kiswahili changu cha Tanga na chao. Tukifika kwenye makaratasi ndipo mtu anapohamia Kifaransa, maana ndiyo lugha ya ofisi zao. Ankara ni facture, na uzito unaandikwa mara mbili, poids brut, pamoja na vifungashio, na poids net, bila vifungashio. Mzigo unatoka hapa Dar, unapita Tunduma, unaikata Zambia mpaka Kasumbalesa, na kosa la tarakimu moja kwenye karatasi linaweza kuliacha lori mpakani. Miaka yote hii nimekuwa nikisainia karatasi nilizosomewa na mtu mwingine. Nimechoka kusomewa.

Sasa kwenye darasa la Kifaransa niko A2, nusu yake ya mwisho. Ngazi za lugha ni sita, kuanzia A1 mpaka C2, kwa hiyo niko chini bado, lakini si pale pa bonjour na jina langu ni fulani. Hapa nilipo nina maneno ya kutosha kuanza mazungumzo yoyote, ila hayatoshi kuyamaliza. Nimeendesha ofisi miaka ishirini, nikisema watu wananyamaza wasikilize. Darasani naomba kalamu kwa sentensi ya mtoto wa chekechea. Hilo ndilo gumu kuliko sarufi yote, na nimelikubali.

Sarufi yenyewe ina milango ambayo Kiswahili kinaifungua. Wenzangu wanalalamika kwamba kiwakilishi kinatangulia kitenzi, je l'ai vu. Mimi nasikia "nilimwona", na -m- imekaa palepale mbele ya shina. Wanalalamika kuhusu jinsia mbili za nomino, na sisi tuna ngeli tele zinazovuta kila neno kwenye sentensi. Hata r yao imenipa raha. Inakaribia sana gh yetu ya lugha na ghali, na mwalimu alinisifu siku ya kwanza. Wanaosema "gali" na "luga" wanaitafuta mpaka leo.

Kinachonitesa ni herufi zisizosikika. Lugha yetu unaisoma kama ilivyoandikwa, basi. Kwao parle, parles na parlent ni sauti moja. Nikiandika je suis allée lazima niongeze e kwa kuwa mimi ni mwanamke, na e hiyo hakuna sikio litakaloisikia, ila kwenye karatasi ya mtihani inahesabiwa. Na sabini ya kitabuni, soixante-dix, sitini na kumi, ilinisumbua mwezi mzima mpaka nilipomsikia mteja akisema septante. Wakongomani wamebaki na septante, sabini, na nonante, tisini, za Wabelgiji. Mwalimu akasema zote ni sahihi. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikihesabu kwa sauti garini.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mwezi wa tatu mteja alinipigia kuhusu maboksi ya vioo. Nikasikia au-dessous, chini. Alisema au-dessus, juu. Ile u nyembamba ya midomo iliyochongoka sisi hatuna. Masikio yangu yalisikia u yetu ya kawaida, na juu ikageuka chini. Vijana wakapanga vioo chini, wakaweka vigae juu yake. Nilishtuka jioni nilipokuwa nasoma ujumbe wake wa maandishi. Nikarudi Kurasini usiku, tukashusha lori zima na kupakia upya mpaka alfajiri. Boksi moja lilivunjika, nikalilipa mimi. Tangu siku hiyo kila asubuhi nasimama mbele ya kioo cha bafuni, nabana midomo kama ninayepuliza moto wa mkaa, halafu nasema "i" bila kuilegeza midomo. Inatoka u yao. Dessus, dessous. Rue, roue. Bibi yako anadhani nafanya uradi.

Mtihani wa DELF A2, ule wa cheti cha Kifaransa, nitaufanya mwaka huu. Una sehemu nne za alama 25 kila moja, unapita kwa 50, na ukipata chini ya 5 kwenye sehemu moja umeanguka hata kama nyingine umezijaza. Naogopa ya kusikiliza. Ya kuzungumza siiogopi, mradi nipewe nafasi ya kukwama na kujikwamua mwenyewe.

Nafasi hiyo naiomba kwako kwanza. Kila Jumapili unaponipigia, tuzungumze Kifaransa dakika kumi, polepole. Nikinyamaza, ningoje. Nikikosea, niache nifike mwisho wa sentensi ndipo unisahihishe. Na ukiwa nyumbani simu ya Lubumbashi ikilia, endelea kula.

Shikamoo yako nitaipokea kwa Kiswahili kama kawaida. Baada ya hapo sijui utaniita "vous", wewe ya heshima, au "tu", wewe ya mazoea. Mwalimu anasema watoto wa kule humwambia mama yao "tu". Nimelifikiria sana, na naona wewe uniite "tu".

Mama yako