Nyongeza sawa na mfumuko wa bei humpunguzia mfanyakazi

Kwa Mhariri,

Mfumuko wa bei ukishuka, wafanyakazi huambiwa wapumue. UBOS, shirika la takwimu la Uganda, ilitangaza asilimia 10.7 kwa mwaka ulioishia Oktoba 2022, kisha 2.4 kwa mwaka uliofuata. Lakini kikapu cha bidhaa kilichogharimu shilingi 100,000 Oktoba 2021 kilifika 110,700, kikaendelea hadi kama 113,400. Kilichopungua ni kasi ya kupanda. Bei zenyewe hazikurudi.

Mwajiri muungwana huongeza mshahara kwa asilimia ile ile ya mfumuko, akaamini amemaliza deni. Hajamaliza. Viwango vya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, viliwekwa mwaka 2012 na vikakaa palepale zaidi ya miaka kumi: 235,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi, kutoka hapo hadi 335,000 ni asilimia 10, hadi 410,000 asilimia 20, na kinachozidi asilimia 30 (matajiri wa zaidi ya milioni 10 wana kiwango chao).

Tuchukue mshahara wa 400,000. PAYE ni 23,000, makato ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ya asilimia 5 ni 20,000, mkononi zinabaki 357,000. Bei zinapanda kwa asilimia 10 na mwajiri anaufikisha mshahara 440,000. PAYE sasa ni 34,000, NSSF 22,000, mkononi 384,000. Ili anunue posho (ugali), maharage na mkaa wa mwaka jana, mtu huyu anahitaji 392,700. Kila mwezi amepungukiwa 8,700, na karatasi ya mshahara inaonyesha nyongeza kamili! Mshahara umepanda kwa asilimia 10, kodi yake kwa karibu 48.

Anayetaka kufidia kweli aanze na fedha za mkononi. Azizidishe kwa 1.10, kisha arudi nyuma hadi mshahara ghafi, akikumbuka kwamba juu ya 410,000 kila shilingi 100 humwachia mfanyakazi 65 tu. Kwa mfano wetu atafika kama 453,400, yaani nyongeza ya asilimia 13 na ushei.

Waajiri wasitumie mfumuko wa msingi, ule ambao Benki Kuu inaulenga kwenye asilimia 5. Huo huondoa mazao ya chakula na nishati, na kwa mwenye mshahara mdogo hivyo ndivyo vinavyomaliza fedha.

Serikali nayo ingeweza kusogeza viwango kila mwaka kwa faharasa ya bei, yaani kipimo cha jinsi bei zilivyopanda. Kwa asilimia 10, vingekuwa 258,500, 368,500 na 451,000. Mwenye 440,000 angetozwa 25,300 na kubaki na 392,700 zile zile anazozihitaji. Huo si msamaha wa kodi, kwa sababu Hazina ingepata asilimia 10 zaidi kutoka kwake, sawasawa na bei zilivyopanda.

Mhasibu wa mishahara,
Kampala