Risala ya Klabu ya Jiografia na Uchumi kwa Mgeni Rasmi: Kuhesabu Alichobeba Maria

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu na wazazi wetu,
Wanafunzi wenzetu,

Tunakukaribisha na kukushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Bango lililo mbele yako lina nambari moja tu: 226. Nambari hiyo imetugombanisha muhula mzima, na leo tunaomba tukuhadithie ugomvi wenyewe.

Usiku wa tarehe 18 Septemba 2017, kimbunga Maria kiliipiga Dominica, kisiwa cha Karibi chenye watu wapatao 70,000. Kilikuwa cha daraja la 5, daraja la juu kabisa. Hata makazi ya Waziri Mkuu, Roosevelt Skerrit, yaling'olewa paa. Watu 65 walikufa au hawakuonekana tena. Hao hawamo katika hesabu tutakayoisoma, wala hatudhani wangeweza kuwamo.

Baadaye serikali ilifanya tathmini ikisaidiwa na Benki ya Dunia, Umoja wa Mataifa, Umoja wa Ulaya na wengineo. Wataalamu hao huweka vikapu viwili. Cha kwanza ni uharibifu, yaani vitu vilivyovunjika: nyumba, barabara, madaraja, madarasa. Kikapu hicho kilifika dola za Marekani milioni 931, na nyumba peke yake zilichukua zaidi ya theluthi. Cha pili ni hasara, yaani kipato ambacho kingeingia na hakikuingia: mazao yasiyovunwa, wageni wasiofika hotelini. Hicho kilikuwa milioni 382. Changanya vyote viwili, linganisha na pato la taifa la mwaka 2016, utapata asilimia 226.

Mwenzetu mmoja akasema, basi Dominica ilipoteza kazi ya miaka miwili na ushei. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mtu akiunguliwa na nyumba yenye thamani ya mishahara yake ya miaka kumi, mshahara wa mwezi ujao huenda ukaingia vilevile. Kilichoungua ni akiba ya miaka mingi. Hivyo asilimia 226 inapima ukubwa wa jeraha ukilinganisha na mwili. Haisemi nchi itakaa miaka miwili bila kuzalisha kitu. Baadhi yetu bado hawajakubali, na mmoja wao ndiye katibu.

Tulijifunza pia kwamba ni rahisi kuhesabu kitu kimoja mara mbili. Ukiandika gharama ya bidhaa zilizolowa dukani, kisha ukaandika mauzo yote ambayo bidhaa zilezile zingeleta, umemwongezea mwenye duka hasara ambayo hakuipata.

Tatizo gumu zaidi tulilikuta Grenada. Kimbunga Ivan kilipopita huko mwaka 2004, kisiwa hicho kilikuwa cha pili duniani kwa kuuza kungumanga, nyuma ya Indonesia. Mgomba ukianguka, ndani ya mwaka mmoja hivi unaweza kupata ndizi tena. Mkungumanga uliopandwa upya hungojewa miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri. Uharibifu ulikwisha kwa siku moja, lakini hasara iliendelea kila msimu wa mavuno. Mhasibu aweke kikomo mwaka wa ngapi? Kila jibu linabadilisha jumla.

Kuna jambo moja lililotufurahisha. Mfuko wa bima ya pamoja wa nchi za Karibi uliilipa Dominica dola zipatazo milioni 19 ndani ya wiki mbili tu. Uliwahi kwa sababu haukungoja mtu apite kuhesabu mabati. Malipo yalikokotolewa kwa vipimo vya kimbunga chenyewe. Ukiziweka kando ya milioni 931 ni kidogo mno, lakini zilifika wakati mishahara ya serikali inahitaji kulipwa na makusanyo ya kodi yamesimama.

Ndugu Mgeni Rasmi, klabu yetu ina kompyuta moja, nayo huzimika tunapofungua picha za setilaiti za kisiwa kabla na baada ya kimbunga. Tunaomba utusaidie kupata nyingine yenye nguvu zaidi, ili tujaribu kuhesabu mapaa wenyewe.

Ombi la pili halina gharama. Utakaposimama kuzungumza, tuamulie: bango libaki na 226, au tuandike 931 na 382, kila moja mahali pake? Kalamu ya wino mzito iko mezani kwako.

Tunaomba kuwasilisha.